Maziwa ya swila: jibu kwa mwanafunzi wetu aliye Pune

"Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, mwaka wa pili chuoni hapa Pune, India. Nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindu, mtu mzima, ananilea kama mwanawe na mimi namwita Kaku, kama wenyeji wanavyomwita mke wa baba mdogo. Mwaka jana siku ya Nag Panchami, sikukuu ya Kihindu ya nyoka, alikuja kijana na kikapu chenye swila. Kaku akampaka swila unga mwekundu kichwani, akamwekea maziwa kwenye kibakuli, na kwa macho yangu nikaona nyoka anakunywa. Nami nikatoa rupia 50. Nilipotuma picha nyumbani ndugu zangu wakanijia juu, kwamba Wahindi wanaabudu nyoka na mimi nimeabudu shetani. Mwaka huu Kaku anataka tufanye tena pamoja. Juu ya hayo, nyuma ya bafu kuna shimo ukutani, na wiki iliyopita mlinzi aliona nyoka akiingia humo. Kaku hataki nyoka auawe wala shimo liguswe hadi sikukuu ipite. Je, nyoka anakunywa maziwa kweli? Hawa watu wanaabudu nini hasa? Na mimi nifanyeje nisiumwe, wala nisimvunjie heshima mama huyu?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenirudisha mbali, kwa sababu mimi nami nilisomea udaktari wa wanyama huko huko jimbo la Maharashtra, na Nag Panchami yangu ya kwanza niliiona nikiwa mgeni kama wewe, sijui nitazame au nigeuze uso. Baadaye nilifanya kazi kwenye kituo cha kutibu wanyamapori. Kila sikukuu hiyo ilipokaribia tulikuwa tunaandaa masanduku, taulo na dawa za vidonda mapema, maana tulijua wagonjwa watakuja. Kwa hiyo nakujibu kama daktari, na pia kama mtu aliyekaa kwenye nyumba za watu hao akala chakula chao.

Nianze na maziwa. Nyoka mwenye afya hana habari na maziwa. Ni mla nyama: panya, vyura, ndege, mayai, mijusi, hata nyoka wenzake. Akiwa na kiu hunywa maji. Mtoto wa swila hanyonyi. Hutoka kwenye yai akiwa anajitegemea, na utumbo wake haukuumbwa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Yakiingia tumboni hayasagiki, yanachacha, na utumbo unavimba.

Sasa mbona uliona anakunywa? Uliona sawasawa, sikubishii. Alikunywa kwa sababu alikuwa anakaribia kufa kwa kiu. Swila wa vikapuni hukamatwa siku nyingi kabla ya sikukuu, kisha hufungiwa bila maji wala chakula. Siku ikifika, chochote cha majimaji kikiwekwa mbele yake atakivuta. Na hata hapo shida haijaisha. Nyoka hana midomo ya kunyonyea, na ulimi wake haubebi maji, kazi yake ni kunusa. Anapokunywa huchovya ncha ya mdomo, mikunjo ya ngozi laini ndani ya taya la chini ikafyonza kama sifongo, kisha misuli ikakamua maji hayo kuelekea kooni. Tundu lake la kupumulia nalo liko hapo hapo, kwenye sakafu ya mdomo, nyuma tu ya ulimi. Mwenye kikapu akimshika shingo na kukibonyeza kichwa ndani ya kibakuli ili watu waone vizuri, maziwa hupita njia ya hewa na kushuka mapafuni. Siku chache baadaye nyoka anakufa kwa nimonia, na wakati huo kijana ameshahama mtaa.

Nakumbuka mmoja aliyeletwa kituoni jioni ya sikukuu, ndani ya kikapu cha duara cha mianzi. Alikuwa mwepesi mkononi kama kamba kavu. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa pande zote mbili kwa uzi mnene, wa aina ya kushonea magunia, pakaachwa upenyo mdogo mbele ili ulimi utoke na watazamaji waridhike. Nilikata nyuzi moja moja kwa mkasi mdogo wa macho. Ulipofunguka, kilichotoka kwanza kilikuwa maziwa yaliyoganda yamechanganyika na usaha. Unga mwekundu ulikuwa umejazana kwenye kingo za macho. Nyoka hana kope za kufumba, jicho lake limefunikwa kwa gamba angavu kama kioo cha saa, na chochote unachompaka kichwani kinakaa hapo hapo hadi ajivue ngozi. Tulimsafisha, tukampa maji kwa mrija mwembamba. Asubuhi ya tatu tulimkuta amekufa.

Sikusimulii haya ili ujute zile rupia 50. Hukujua. Nakusimulia ili ujue fedha ile inanunua nini, kwa sababu kikapu kinatembea mtaani kwa kuwa kuna milango inayotoa.

Na kabla sijaondoka kwenye kikapu, mambo mawili ya hatari. Utaambiwa, "huyu ameng'olewa meno, mguse upate baraka." Usimguse. Nyuma ya kila jino la sumu la swila kuna mengine yanayosubiri zamu, na lililong'olewa hupata mbadala ndani ya wiki chache. Tena sumu haitengenezwi kwenye jino, inatoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na koleo la kung'olea meno haliifikii. Wenye vikapu wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana wengine hushona mdomo. Jambo la pili ni ile filimbi ya kibuyu. Swila hachezi muziki. Nyoka hana masikio ya nje. Hupokea mtetemo na sauti nzito nzito tu. Anachofanya pale ni kuifuata filimbi inayoyumba mbele yake kwa macho, shingo kaitanua, kama mtu anayetazama ngumi ya adui itatokea upande gani. Unamwona anacheza, kumbe anajihami.

Sasa nije kwenye ibada yenyewe, na hapa naomba uwe na subira, kwa sababu ndipo ndugu zako walipokosea zaidi.

Kwanza tutenganishe maneno. Mhindi ni mtu wa asili ya India; Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi unaowajua tangu Dar es Salaam au Mombasa ni Waislamu, wakiwemo Mabohora na Waismailia, na hao Nag Panchami haiwahusu. Na kwa Wahindu wenyewe, neno *nag* lina mizigo miwili. Ni swila huyu wa kawaida. Pia ni kabila la viumbe wa kiroho wenye umbo la nyoka, wakaao chini ya ardhi na majini, walinzi wa maji na hazina. Mungu wao Vishnu hulala juu ya nyoka mmoja wa aina hiyo, Shesha. Shiva humvaa mwingine, Vasuki, shingoni. Kaku anapoweka maua mbele ya picha ya swila, heshima yake inapita pale kwenye picha ikaelekea kwa hao.

Panchami maana yake "ya tano": siku ya tano ya mwezi unaokua katika mwezi wao wa Shravan. Kalenda yao hufuata mwezi kama ya Kiislamu, kwa hiyo tarehe husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, ila takriban kila baada ya miaka mitatu wao huongeza mwezi mzima ili sikukuu zisihame majira. Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Nag Panchami haitoki kwenye msimu wa mvua. Mwaka 2024 iliangukia Agosti 9, mwaka 2025 ikawa Julai 29.

Huo msimu wa mvua, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa jambo lote. Mvua ikishika India, mashimo hujaa maji na nyoka hulazimika kutoka. Mayai ya swila yaliyotagwa kabla ya hapo yanaanguliwa. Vyura wamejaa, panya wanafuata mazao, na mkulima yuko peku kwenye tope la mpunga. Mtu na nyoka wanakanyagana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 watu milioni 1.2 walikufa India kwa kuumwa na nyoka, wastani wa 58,000 kwa mwaka, na nusu ya vifo hivyo vilitokea miezi ya Juni hadi Septemba. Sikukuu imekaa katikati ya miezi hiyo.

Ukitaka kuielewa kwa ndani, mwombe Kaku akusimulie kisa cha mkulima. Kina namna nyingi, lakini uti wake ni huu: mkulima alikuwa analima, jembe lake la kukokotwa likapita kwenye shimo na kuua watoto wa nyoka. Mama nyoka akaja usiku akawauma wote waliokuwa nyumbani, wakafa. Kisha akamkumbuka binti aliyeolewa kijiji cha mbali, akamfuata naye. Alipofika alimkuta binti amechora nyoka kwa unga wa mti wa sandali, ameweka maziwa na bisi za mtama mbele ya mchoro, anaomba. Mama nyoka akalainika moyo, na watu wa nyumba ile wakarudishiwa uhai.

Sasa tazama jikoni kwa Kaku siku hiyo. Huko Maharashtra, wanaoshika mila hawalimi, hawachimbi, hawashiki kisu, hawaweki chuma cha chapati motoni. Chakula kinapikwa kwa mvuke: ile *dind*, unga wa ngano uliokunjwa kama bahasha, ndani dengu iliyopondwa na sukari guru. Nilikula ya kwanza nikiwa nimekaa sakafuni, samli ikinitiririka hadi kiwikoni, na bibi wa nyumba akanieleza kwa nini hakuna kitu cha kukaanga: leo hatuchomi, hatukati, hatutoboi ardhi, tusije tukamgusa mwenye nyumba wa chini. Ni siku ya kumwacha nyoka atulie. Ukilishika hilo, utaona jinsi kikapu kinavyopingana na sikukuu yenyewe.

Kuna pia kisa cha wasomi, kutoka Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindu. Mfalme Parikshit aliuawa na nyoka Takshaka. Mwanawe Janamejaya akawasha moto mkubwa wa kafara ili nyoka wote duniani wavutwe kwa maneno ya ibada waangukie humo. Aliyeuzima ni kijana Astika, ambaye baba yake alikuwa mtawa wa kibinadamu na mama yake wa ukoo wa nyoka. Damu ya pande zote mbili, ndiye aliyeweza kusimama kati. Wengi husema moto ule ulizimwa siku hii ya Panchami, na kwamba maziwa yalikuwa ya kuwapoza nyoka waliobabuka. Ni maziwa ya faraja, unaona. Hakuna mahali kisa kinasema mnyama abanwe shingo ayanywe.

Kila upande wa nchi una yake. Karnataka utakuta chini ya miti mikubwa mawe yaliyochongwa nyoka wawili wamesokotana, na maziwa humwagwa juu ya jiwe. Kerala kuna hekalu la Mannarasala lenye maelfu ya sanamu za nyoka msituni, na kiongozi mkuu wa ibada hapo ni mwanamke. Familia za Kerala zilikuwa na kawaida ya kuacha pembe ya shamba isiyofyekwa wala kukatwa kuni, makao ya nyoka; mtu wa pwani ya Kenya akiiona atakumbuka kaya za Wamijikenda, msitu ulionusurika kwa sababu watu waliuogopa na kuupenda. Ujjain kuna chumba cha ibada juu ya hekalu la Mahakaleshwar kinachofunguliwa siku hii moja tu kwa mwaka. Bengal wao wana Manasa, mungu wa kike wa nyoka, na kisa cha mfanyabiashara Chand aliyekataa kumwabudu: mwanawe akaumwa usiku wa harusi ndani ya chumba cha chuma, na bibi harusi Behula akapanda jahazi la magogo na maiti ya mumewe, akateremka mtoni hadi akamrejesha. Nimewaona wanawake wazima wakitokwa machozi kwa kisa hicho.

Na kwa kuwa wewe ni wa kwetu, nikuongezee hili. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch. Huko sikukuu huangukia nusu ya pili ya mwezi, mwezi unapopungua, siku chache kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu wao Krishna. Huchanganya unga wa uwele, samli na sukari guru bila kupika, wakauita *kuler*. Mji mkuu wa Kutch, Bhuj, uko chini ya kilima cha Bhujia, na juu ya kilima hicho, ndani ya ngome ya zamani, kuna hekalu la nyoka Bhujang linalojaa watu siku ya sikukuu.

Sitakuficha kwamba ibada ya nyoka hai nayo ina mizizi. Kusini mwa hapo ulipo, wilaya ya Sangli, kuna mji wa Shirala ambako kwa vizazi vingi watu walikamata swila kabla ya sikukuu, wakawatembeza mitaani kwa shangwe, kisha wakawarudisha walikowatoa. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Bombay ilizuia matumizi ya nyoka hai, na wenyeji wengi waliumia sana, wakasema wao hawawatesi. Wapo waliowatunza vizuri kuliko vijana wa vikapu, nakubali. Lakini nyoka wa porini anayeshikwashikwa na umati, makelele na kamera ni mnyama mwenye hofu, na mimi nasimama na mahakama.

Kuhusu shetani. Mimi si padri wala sheikh, na swali la kama unaweza kushiriki ibada ya wengine lipeleke kwa kiongozi wako wa dini, uso kwa uso, siyo kwenye kundi la familia la simu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nyoka wa bustani ya Edeni anatoka kwenye Kitabu chetu. Kaku hajalelewa nacho. Kumsomea picha yake kwa kitabu chetu ni kumhukumu mtu kwa lugha asiyoijua. Na waulize ndugu zako kama wamesahau ya kwetu: Wasukuma wana Bayeye, chama cha watu wa nyoka, wanaocheza ngoma na chatu shingoni hadi leo kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora. Na Wajaluo wa Nyakach walimheshimu chatu Omieri kama mleta mvua na mavuno. Alipoungua moto mwaka 1987, Kenya nzima ilifuatilia matibabu yake. Ulimwengu wa watu na nyoka ni mpana kuliko neno moja la kutisha.

Basi ufanyeje na Kaku? Usimnyime heshima ya kuongozana naye. Ila zungumza naye kabla ya siku, siyo mlangoni kijana akiwa ameshafungua kikapu, maana hapo atafedheheka mbele ya majirani. Mwambie taratibu: "Kaku, nimejifunza kwamba swila wa kikapuni ananyimwa maji siku nyingi, na yale maziwa yanamuua. Je, si vibaya kumuumiza nag siku yake?" Muulize kama swali la mtoto, kisha nyamaza. Katika nyumba nilizokaa, hoja iliyotoka ndani ya imani yao ilifika kuliko sheria yoyote. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Wanyamapori ya mwaka 1972 inakataza kukamata na kufuga swila. Tena nyoka hai hana haja ya kuletwa nyumbani, kwani ibada kwa nyoka wa udongo, kwa mchoro ubaoni au kwenye kichuguu inakubalika kikamilifu, na familia nyingi za Pune hazijawahi kufanya vingine. Wewe unaweza kumsaidia kutafuta maua na majani mabichi ya *durva*, ukavua viatu, ukakaa pembeni kwa adabu wakati yeye anaomba. Hakuna atakayekulazimisha zaidi ya hapo.

Yule kijana wa kikapu usimtukane wala kugombana naye. Mara nyingi ni maskini wa ukoo uliochezesha nyoka kwa vizazi, sheria ikawaondolea kazi bila kuwapa nyingine. Kuna mfano mzuri wa kinyume chake: Wairula wa Tamil Nadu, wawindaji wa nyoka tangu zamani, tangu mwaka 1978 wana chama cha ushirika karibu na Chennai. Wanakamata nyoka kwa kibali, wanakamua sumu mara chache, kisha wanamrudisha porini, na sumu hiyo ndiyo inayotengenezewa dawa ya kuokoa walioumwa. Maarifa yale yale, lakini nyoka anabaki hai na mzee anapata ujira.

Sasa shimo. Hapa Kaku yuko sahihi nusu. Yuko sahihi kwamba asiuawe: watu wengi huumwa wakati wa kujaribu kumpiga au kumshika nyoka. Yuko sahihi hata kwenye kutoziba sasa hivi, kwa kuwa ukiziba nyoka akiwa ndani, atatafuta njia nyingine, na njia hiyo huenda ikawa bafuni kwako. Lakini kungoja hadi sikukuu ipite, hapana. Maharashtra kuna watu waitwao *sarpmitra*, marafiki wa nyoka, waliofunzwa kuwatoa na kuwaachia mbali na makazi. Mwombe mlinzi au ofisi ya idara ya misitu wakuunganishe na mmoja anayetambulika. Kumtoa nyoka salama na kumrudisha porini siku chache kabla ya Nag Panchami ni jambo ambalo Kaku anaweza kulipokea kama ibada. Nyoka akishaondoka, zibeni shimo, ondoeni matofali na kuni zilizorundikwa ukutani, na funikeni takataka. Alikuja kwa sababu ya panya.

Huenda wala si swila. Jifunze majina manne ya Kimarathi: *nag* ni swila, *manyar* ni mweusi mwenye mistari myembamba myeupe, *ghonas* ni mnene mwenye mabaka ya mviringo kama mnyororo, mkoromaji mkali, *phurse* ni mdogo anayesugua magamba yake hadi yanalia kama msasa. Ukipata Jumapili, nenda bustani ya wanyama ya Katraj hapo hapo Pune uwatazame nyuma ya kioo. Wa kuogopa zaidi kwa mwanafunzi anayelala sakafuni ni manyar. Hutembea usiku, huingia hadi kwenye matandiko, na meno yake ni madogo kiasi kwamba wengine hawaamki wanapoumwa. Mtu anaamka alfajiri na maumivu ya tumbo, kope nzito, na hakuna alama ya kuonekana. Kwa hiyo lala kitandani, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Ukiumwa, wewe au mwingine, hata kama hakuna maumivu, ni hospitali. Vua pete, bangili na saa kabla ya uvimbe. Kaa chini, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kwa kitambaa kilegevu kama mkono uliovunjika, kisichezwe. Piga 108 uitiwe gari la wagonjwa. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usiweke barafu, na lile jiwe jeusi la nyoka tulilolizoea nyumbani lisikupotezee hata dakika tano. Jiwe halivuti sumu iliyokwisha ingia mwilini. Usimkimbize nyoka. Picha ya mbali ikipatikana, vizuri.

Sababu ya haraka ni hii. Sumu ya swila hukaa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli na kufunga mlango, amri isipite. Kope huanguka kwanza, kisha unaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, mate hayamezeki, mwishowe msuli wa kupumua unasimama. Mgonjwa anasikia kila kitu ila hawezi kuvuta pumzi, na mashine ya kupumulia inaweza kumvusha. Ghonas na phurse hushambulia kuganda kwa damu: fizi zinatoka damu, na ghonas huharibu hata figo. Daktari atachukua damu kidogo kwenye chupa safi ya kioo, aiache dakika 20 bila kutikisa, isipoganda, amejua. Dawa ya kuzuia sumu inayotengenezwa India inalenga nyoka hawa wanne, na inaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo hutolewa hospitalini tu. Ukirudi likizo usiibebe nyumbani: haikutengenezwa kwa kifutu wala koboko wetu. Wiki hii hii nenda ukaulize hospitali ipi karibu na chuo ina dawa hiyo pamoja na mashine ya kupumulia, uandike jina lake ukutani kwa Kaku.

Kaku akikuwekea *dind* kwenye sahani siku hiyo, kula kwa mkono, na samli usiifute haraka. Usiku ukirudi chumbani, washa tochi kabla hujakanyaga sakafu ya bafu.